Idhini ya Mzazi

Mwandishi wa miswada ya sheria alikuwa anapiga pasi shati la kazini aliposikia mtoto analia chini ya meza. Aliinama akamwona binti yake, mwenye miaka mitano, amevaa gauni la manjano lililolowa kwa mbele, kamasi zimemfika mdomoni. Binti yake huyohuyo, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amekaa kwenye meza hiyo hiyo, anapaka mkate siagi.

"Amekuja saa ngapi?" baba aliuliza.

"Nimemkuta tu. Angalia usimkanyage."

Mama akatoka jikoni, akamtazama mdogo, akasema gauni hilo alishaligawa zamani. Akaenda kutafuta nguo kavu. Kila alichomvisha kililowa palepale, mwisho wakamwacha.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa alikotoka. Akiwa chekechea, binti alijikojolea jukwaani siku ya kufunga shule, akaangua kilio mbele ya wazazi wote. Baba yake alikuwa mstari wa mbele, simu mkononi. Alicheka mpaka picha ikayumba. Kicheko chake kinasikika kwenye video ile mpaka leo. Jioni akaituma kwenye kundi la ukoo. Shemeji akampa rafiki, rafiki akaiweka mtandaoni, mtu wasiyemjua akaitilia muziki, na mtoto akaitwa Malkia wa Mvua. Watu wa nchi za mbali walitumiana kilio chake kila mambo yalipowaharibikia. Wakati ule baba alijisikia fahari kidogo.

Muhula huu wanafunzi wa darasa la binti walikuwa wameifukua video ile. Binti alirudi nyumbani kabla ya mapumziko, akavua sare, na hakuivaa tena. Mdogo alikuja asubuhi iliyofuata.

Wakaja na wengine. Kila mtu mpya alipoituma video, mwingine aliingia, bila kubisha hodi. Walikaa kwenye ngazi, bafuni, nyuma ya kochi, wote kwa gauni lile na kilio kile, wakivuta pumzi kwa pamoja kabla ya kuanza upya. Nesi anayeishi chini yao alipanda kuuliza kwa nini dari lake linavuja.

"Ni watoto," mama alimwambia.

"Aa," nesi alisema, akaenda kutega beseni.

Baba akaiandikia kampuni yenye mtandao ule, akiomba video ifutwe. Jibu lilikuja likiwa na adabu zote. Video ilirushwa kwa idhini ya mzazi, walisema. Kicheko chake ndicho ushahidi.

Alikifahamu kigezo hicho. Mwaka huo alikuwa anaandika muswada wa kuwalinda watoto mtandaoni, na kifungu alichokipenda kuliko vyote kilikataza mtu yeyote kusambaza picha inayomdhalilisha mtoto, "isipokuwa kwa idhini ya mzazi wake." Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza mkuu wa idara. Yeye aliyanyoosha kisarufi, akaweka mkato mahali pake.

Sasa akaenda kwa mkuu. "Mzee, yale maneno ya mwisho tuyatoe."

Mkuu alitoa simu, akamwonyesha mjukuu wake aliyejipaka unga kichwa kizima, analia. "Kila mjumbe wa kamati ana picha kama hii. Unataka kuwaita wahalifu? Na wewe mwenyewe utasimama wapi?"

Siku ya kamati mmoja wa wadogo alimfuata, akamkalia juu ya mguu chini ya meza ndefu. Kiatu kikajaa maji. Wajumbe wa jirani walisogeza miguu yao kidogo, kikao kikaendelea.

"Mwandishi," mwenyekiti alisema, "kifungu hiki kina tatizo lolote?"

Alifungua mdomo. Mtoto akavuta pumzi.

"Hapana, Mheshimiwa. Kinajitosheleza."

Nyumbani alimkuta binti sakafuni, anawafuta wadogo pua mmoja baada ya mwingine kwa taulo moja.

"Uliwaambia?"

"Kamati ilikuwa na haraka."

"Uliwaambia, baba?"

"Hapana."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Akakamua taulo. "Siku ile uliniona nalia. Ulikuwa karibu kuliko mwalimu. Kwa nini hukuja kunichukua?"

Baba akachuchumaa kando yake. "Nilikuwa narekodi," alisema.

"Basi shika huyu," binti alisema, akampa mmoja. Baba akampakata. Mtoto hakunyamaza, na hata yeye hakutegemea anyamaze.

Sheria ilipita kwa kura za ndiyo tupu. Wiki hiyo nesi alipanda tena, amembeba mtoto wa kiume anayetetemeka mwili mzima, mikono imemziba macho. Alikuwa mwanawe, ambaye siku hizi ana ndevu na anatengeneza magari.

"Nilimtisha kwa kinyago," nesi alisema. "Tulicheka sana. Nikawatumia wenzangu wa wodini." Akamweka sawa begani. "Wewe ndiye mtu wa sheria. Hakuna sheria ya mambo haya?"

"Ipo."

"Inamlinda?"

"Inatulinda sisi."

Nyuma ya mwandishi wa miswada wadogo walivuta pumzi kwa pamoja.

"Na wanakula nini?" nesi aliuliza.

"Mkate. Uukate pembeni, ile sehemu ngumu hawaitaki."

Nesi alishukuru, akageuka, akashuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukimpapasa mtoto mgongoni.