Maji Aliyoyafuta Safina

Kabla ya alasiri Safina alipaswa kumjibu mwalimu wake wa chuo: dawa mpya anayoichunguza inaishika protini ya kimelea cha malaria, au haiishiki? Alikuwa chumbani nyuma ya duka la baba yake, Kasulu mjini, kompyuta mapajani, mguu ukitikisika wenyewe. Aliiandikia amri programu iliyomwonyesha picha ya dawa na protini hiyo: itafute kila atomu ya protini iliyo karibu na dawa. Jibu lilirudi lilelile. Hakuna.

"We Safina, toka huko!" dada yake Faudhia aliita mlangoni. "Mshenga wa watu kakaa na baba anasubiri kauli yako, wewe unachumbiana na kompyuta."

"Mwambie huyo bwana anayeniposa aje mwenyewe."

"Mwali gani wewe! Bila mtu wa kati posa inafikaje?"

Mguu wa Safina ulitulia. Asubuhi, ili picha isimchanganye, alikuwa ameyafuta maji yote yaliyoizunguka protini. Aliyarudisha, akaandika amri upya: tafuta molekuli ya maji iliyo karibu na dawa na karibu na protini pia. Ikawaka moja, nyekundu, katikati, imezishika zote mbili.

"Inaishika," alimwandikia mwalimu, "lakini kwa kupitia maji." Akatuma, na bila kuinua kichwa akaanza kuyasaka maji mengine.