Marahaba ya Mtahini

Mtaa mzima wa Mtawanya ulijua kwamba Sudi habishiki. Ukimwambia mvua itanyesha, atakutolea sababu zote za jua. Ukikubali kuwa ni jua, atarudi kwenye mvua. Kijiweni walishawahi kumpa kikombe cha kahawa cha bure ili anyamaze. Akakinywa, kisha akaibishia kahawa yenyewe. Kwa hiyo aliposema anakwenda Kanada, hakuna aliyethubutu kumwambia hawezi.

Sudi alikuwa fundi majokofu. Watani zake walimcheka: nchi ambayo yenyewe ni jokofu, fundi majokofu wa nini? Lakini Kanada ilikuwa ikitafuta mafundi, na waliojua Kifaransa walifunguliwa mlango kwanza. Kilichobaki ni mtihani, kule Dar es Salaam: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ukianguka kipande kimoja, mlango unafungwa.

Kifaransa alikisomea mtaa wa Rahaleo kwa Mwalimu Irene, mama mstaafu wa Kigoma, ambaye lugha hiyo aliiokota utotoni kwa majirani wa Burundi na kuinyoosha chuoni. Mwanafunzi mwenzake alikuwa Dickson, karani wa bandarini, kijana mpole ambaye hata ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

"Kuzungumza kwenyewe ni hivi," alisema Mwalimu Irene. "Utapewa tangazo. Mtahini atajifanya rafiki yako, na wewe utamshawishi. Atakataa. Akikataa, bisha. Akikataa tena, bisha tena. Ukinyamaza, umekwisha."

Sudi aliangua kicheko. "Yaani wametunga mtihani wa ubishi, halafu hawakuniita mimi nisahihishe?"

"Haya. Nishawishi mimi."

Kicheko kikakatika. "Wewe, Mwalimu? Hapana. Wewe ni mama yangu. Mama akishasema hataki, mtoto gani anaendelea kupiga domo? Nipe mtu wa rika langu."

"Mtihani haukuulizi rika, mwanangu. Basi kajaribu na bibi yako nyumbani."

"Bibi sibishani naye hata kwa Kimakonde, sembuse Kifaransa! Nipe huyu Dickson."

Akapewa Dickson, na kila jioni alimtwanga kama mtama kinuni. Alimshawishi ajiunge na kwaya, anunue baiskeli, ahamie kijijini. Dickson hakufika mbali. Alikubali ili apumzike. Zamu ikigeuka, Dickson akimshawishi Sudi, Sudi alikataa kila kitu kwa raha zake zote. Dickson aliondoka kichwa chini, na kesho yake alirudi na hoja nyingine, kwa sauti ileile ya kuomba radhi.

"Huyu nitamwonea huruma Dar," Sudi alimwambia Mwalimu. "Atatafunwa."

Siku ya kuondoka, Bi Mwanakombo, bibi aliyemlea tangu akiwa mchanga, alichinja kuku na kuita majirani wasome dua. Walikula, wakaitikia amini, wakamuaga kama mtu aliyekwisha kupanda ndege.

Kule Dar, kusikiliza kulipita. Kusoma kulipita. Kuandika, Sudi alimaliza mapema na kuwatazama wenzake kama mtu aliyeshiba anavyotazama foleni ya pilau. Kisha akaitwa kwenye chumba cha kuzungumza.

Mtahini alikuwa mama wa Kifaransa, mvi kichwa kizima, shali mabegani, mguu mmoja umeinuliwa juu ya kigoda. Sudi alisukuma mlango, akamwona, na kabla akili haijafika, mdomo ulikwisha kutangulia:

"Shikamoo."

Mama yule, ambaye bila shaka alikuwa amekaa nchini muda mrefu, akajibu kama wajibuvyo wenye nchi: "Marahaba, mwanangu." Ndipo akabonyeza kinasa sauti na kuingia kwenye Kifaransa.

Hapo, bila kujua, Sudi alikuwa amefungwa. Mtu aliyekuitikia marahaba si rafiki yako. Hata serikali ya Kanada haiwezi kumfanya awe rafiki yako.

Tangazo lilihusu chama cha watembea kwa miguu, wanaopanda milima kila mwisho wa juma. Sudi alianza vizuri: hewa safi, afya, marafiki wapya. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana, rafiki yangu. Magoti yananiuma. Mwaka huu nimemzika mume wangu. Sina hamu ya milima."

Sudi alikuwa na hoja za kumpandisha maiti mlimani. Zilimjaa kinywani kama viazi vya ming'oko vya moto. Lakini aliuona ule mguu juu ya kigoda, akaisikia ile marahaba, na kilichotoka, kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja, kilikuwa:

"Pole sana, mama. Basi pumzika."

Mtahini alimtazama. "Kwa hiyo huna la kuongeza?"

"Sina, mama. Umeshakataa."

"Labda ungeniambia mlima wenyewe ni mdogo…" Mtahini mwenyewe alikuwa anamshika mkono kumvusha.

"Hapana, mama. Nisikusumbue. Una mtu wa kukuchotea maji nyumbani?"

Mama akafumba macho kidogo. Kinasa sauti kikaendelea kurekodi adabu ya Mtawanya mpaka muda ukaisha.

Majibu yalikuja kwenye simu. Vipande vitatu, Sudi aliwapita wote. Cha kuzungumza, alama hazikufika hata kiunoni. Dickson alifaulu vyote. Alikuwa ameketi mbele ya mama yuleyule na magoti yaleyale.

"Ulimwambia nini?" Sudi alifoka.

"Samahani, kaka. Alikataa, nikarudi. Akakataa tena, nikarudi. Wewe ulinizoesha kukataliwa."

Mtawanya walipoijua habari, walimsifu. "Kijana ana adabu! Kakosa Ulaya kwa kumheshimu mzee!" Hakuna aliyejali kwamba Kanada si Ulaya, na Sudi, kwa mara ya kwanza, hakubisha. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Alijiandikisha upya. Jioni moja alivuta kigoda, akakaa mbele ya Bi Mwanakombo aliyekuwa akimenya mihogo.

"Bibi, nikikwambia kitu, wewe sema *non*. Maana yake sitaki."

"*Non*," alisema Bibi. Lilimtoka kana kwamba alizaliwa nalo.

"Bado, Bibi! Sijaanza."

"*Non*."

Sudi akasogeza kigoda karibu. Akamshawishi kwa Kifaransa apande mlima. *Non*. Akataja hewa. *Non*. Jasho likamtoka. Bibi akaweka kisu chini, akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Inatosha, mjukuu wangu. Nimechoka."

Mtu mzima kasema kachoka. Sudi alitazama chini, akaikumbuka simu yenye majibu, akainua uso. Akabisha. Sauti ikampanda, mkono ukakata hewa, hoja zikafuatana bila kupumua, mpaka Bibi akanyanyuka na beseni lake na kwenda kwa jirani, akilalamika njia nzima kwamba Kifaransa kimemharibia mtoto.

Asubuhi, Sudi alisimama mlangoni kwa Bibi. "Shikamoo, Bibi."

Bibi aliendelea kufagia.

Alifika Rahaleo macho mekundu, akamsimulia Mwalimu yote. Mwalimu Irene alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sasa uko tayari," alisema. "Kalipe ada ya mtihani."