Kadi ya Kumjulia Hali Abeid

Ijumaa saa tano asubuhi simu ililia. Abeid Kibwana akaivuta kutoka chini ya mto, akasoma: "Kumjulia hali Bw. Abeid. Imekwisha."

Akageuza uso mlangoni. Alidhani labda wageni ndio kwanza wanavua viatu. Hakukuwa na kiatu wala mtu. Kuku wa jirani alikuwa amesimama kizingitini, akatazama ndani mara moja, akaona hakuna la maana, akaenda zake.

Abeid akasubiri. Si rahisi mtu mzima kukubali kwamba ametembelewa na hakuna aliyekuja. Akajiambia wenzake wa ghalani wako njiani, wanapanda, Faraja ana pumzi fupi na Joseph lazima asimame avute sigara. Nyumba yake iko juu ya Kilakala, gari linaishia darajani na kinachobaki ni miguu. Akawapa nusu saa ya kupanda, akawaongezea nusu nyingine ya kupumzika. Ilipoingia adhuhuri alichemsha chai, akanywa peke yake, kikombe cha pili alichokuwa amekitoa akakirudisha kabatini.

Mguu ulikuwa na wiki tatu. Aliteleza juu ya lundo la magunia ghalani kwa Dinesh, akaanguka, na gunia likamfuata. Daktari alimfunga plasta kuanzia gotini mpaka kidoleni, akasema wiki nane. Wiki nane si nyingi kwa mtu mwenye watu. Mkewe alishafariki, mwaka wa nne huu. Binti yake Sabra yuko Mwanza na hupiga simu Jumapili. Jirani humletea maji asubuhi na kuondoka, kwa sababu naye ana shamba.

Abeid alikuwa mpokeaji. Magari yakileta mpunga kutoka Dakawa na Turiani, yeye ndiye anayechota punje kutoka gunia hili na lile na kuziuma. Punje kavu inalia jinoni. Mbichi inapondeka kama ubani. Kuna kifaa cha kupima unyevu, kililetwa, na mara tatu kilibishana na jino la Abeid, na mara zote tatu Dinesh akalisikiliza jino.

Zamani ghalani mtu akiugua, habari ilitoka kwa Mwaisha, mama wa chai. Alisimama katikati ya ghala na birika lake akapiga kelele: "Jamani, fulani yuko kitandani, saa kumi tunakwenda!" Saa kumi watu walipanda nyuma ya lori, wenye vumbi na wasio na vumbi, wakaenda. Mke wa Abeid alipofariki walikuja wote, hata Dinesh na mkewe Damyanti, wakapanda mlima ule na viatu vyao vya mjini.

Kisha Hetvi, binti wa Dinesh, akarudi kutoka masomoni na kuleta Ubao. Jina hilo walilitunga wenyewe wafanyakazi. Ni ubao usioshikika, unaoishi kwenye mtandao, na kila mtu anaufungua kwa simu yake. Kila kazi ina kadi. Kadi inaanzia safu ya "Bado", inasogezwa kwenye "Inaendelea", halafu "Imekwisha". Siku yake ikipita inageuka nyekundu, na Jumatatu Hetvi anawaita wenye nyekundu. Na pembeni ya jina la kila mtu kuna kidoti. Ukiwa umeufungua Ubao kidoti kinakuwa kijani, ukiufunga kinakuwa kijivu.

Lazima tuseme haki: kazi ilinyooka. Gari halikupotea tena, na hakuna aliyesema "sikuambiwa". Lakini kila kitu kikahamia humo. Mtu ambaye meza yake iko hatua nne kutoka kwako anakuandikia. Mwaisha hakupewa simu wala kadi, na kwa kuwa hayumo, aliacha kupiga kelele. Wagonjwa nao wakawekwa kwenye Ubao, kadi moja kila mgonjwa.

Alasiri Abeid akampigia Faraja, mpanga safari za magari.

"Mzee Abeid! Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mlipofika mlinikuta?"

"Tulipofika wapi, mzee?"

"Kwangu. Nimesoma mmekuja kunijulia hali, imekwisha. Nauliza kama mlinikuta, kwa sababu mimi sikuwaona."

Faraja akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Aa, ile! Mzee, ile leo ilikuwa inageuka nyekundu. Unamjua dada Hetvi na Jumatatu yake. Nikaisogeza tu. Lakini tunakuja, wallahi."

"Lini?"

"Gari zikipungua."

"Mwezi wa nane huu. Zinapungua lini?"

"Mzee nawe! Pole na mguu, eh? Tuko pamoja."

Simu ikakatika. Tuko pamoja, Abeid alirudia, akakiangalia kile chumba.

Hasira ilimjaa. Mwenye hasira hutafuta ushahidi kwamba yeye ni bora kuliko waliomkosea, na Ubao una ushahidi wa kila mtu. Akafungua sehemu ya kazi zake zilizokwisha. Zilikuwa mia mbili na kitu. Akaanza kuzisoma kwa raha, moja moja, akirudi nyuma: gari la Turiani, limepokelewa, magunia yenye unyevu, yamerudishwa, maturubai ya ghala la pili, yameshonwa. Kila moja aliikumbuka, na kila moja aliifanya kwa mikono yake. Hakuwahi kubonyeza uongo, alijiambia. Wao ndio.

Akafika Aprili. "Kumjulia hali Mzee Yeremia. Imekwisha. Abeid, tarehe 14."

Kidole chake kikasimama.

Yeremia alikuwa mtu wa mizani. Miaka kumi na tisa walifanya kazi wakiangaliana, Abeid akiuma, Yeremia akipima. Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha, kikachukua upande wake wa kulia, akabaki nyumbani kwake Mji Mpya. Jina lake halikutolewa kwenye Ubao. Ajabu ni kwamba kidoti chake kilikuwa kijani kila siku ya kazi, asubuhi mpaka jioni. Abeid aliwahi kumuuliza Faraja, na Faraja akasema ni mtambo umekwama.

Siku ile ya Aprili mvua ilikuwa inamwagika. Abeid alitoka kazini akakata kona ya Mji Mpya, akafika mahali anapouona mlango wa Yeremia. Ulikuwa wazi. Alisimama chini ya bati la duka akawaza matope, akawaza namna atakavyokaa mbele ya mtu aliyepinda mdomo na asijue aseme nini. Akasema kesho. Kadi ilikuwa inageuka nyekundu siku hiyo. Akabonyeza pale pale chini ya bati, akarudi. Kesho ile ilikuwa na gari la Dakawa, na keshokutwa pia.

Akaizima simu. Hakulala vizuri.

Jumamosi asubuhi baridi ya mlimani ilikuwa inauma. Akafunga parachichi mbili kwenye mfuko, akaufunga mfuko kwenye gongo la kushoto, akaanza kushuka. Njia ile mtu mzima wa miguu huishuka kwa robo saa. Yeye ilimchukua saa nzima na zaidi, mahali pengine kwa makalio. Wanawake waliopanda na mizigo kichwani walimpisha wakisema pole, mmoja akamwambia, "Baba, hilo gongo linakubeba wewe au linabeba parachichi?" Hakuwa na pumzi ya kumjibu. Darajani akapata bajaji.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?" Anastasia, mke wa Yeremia, alitoka na mikono yenye unga. "Abeid! Na wewe umekatika?"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Pita, angalia hilo jiwe usije ukakatika na wa pili."

Yeremia alikuwa kwenye kiti, ameelekea mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kazini, lile la kijani lenye jina la ghala mfukoni, limepigwa pasi. Mbele yake kulikuwa na stuli, na juu ya stuli simu iliyochomekwa kwenye umeme.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Neno lilitoka taratibu, upande mmoja wa mdomo. Akamtazama Abeid mguu, kisha uso. "Umekuja tena."

"Tena?"

"Aprili. Tarehe kumi na nne. Ulikuja."

Anastasia akaweka mikono kiunoni. "Afadhali umefika. Niambie mbele yake, Mungu anakusikia: ulikuja hapa mimi nikakufukuza? Maana huyu bwana simu yake ilimwambia Abeid amekuja. Nikamwambia hajaja. Akasema amekuja, wewe umemfukuza akiwa amelala, unaona aibu watu wanione hivi. Wiki mbili hakusema na mimi! Mtu mwenyewe maneno anayo machache, na hayo machache akaninyima."

Abeid alikuwa amesimama bado juu ya magongo yake. Angeweza kusema alipita akakuta wamelala. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini, na usingemgharimu chochote.

"Sikuja, shemeji. Niliishia pale dukani. Mvua. Nikabonyeza."

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza kwamba nimekuja."

Yeremia aliitazama simu yake kama mtu anavyomtazama shahidi aliyemwamini mahakamani. Akainua mkono wake mzima, akamwonyesha mkewe.

"Mwombe radhi. Si mimi. Huyu."

"Shemeji, niwie radhi."

"Nimekusikia. Kaa kabla hujaniangukia kwenye unga," alisema Anastasia, akaingia jikoni haraka, na huko akakaa muda bila kusikika sufuria wala mwiko.

Wanaume wawili wakabaki wakitazama mlango. Kile alichokiogopa Abeid chini ya bati la duka, kukosa la kusema, kikaja kweli, kikakaa nao, na hakikuwa kibaya kama alivyodhani. Baada ya kitambo Yeremia akauliza, "Mpunga wa Dakawa, mwaka huu?"

"Wa kwanza ulikuwa unapondeka. Wanavuna mapema, wana haraka. Wa Julai ukaanza kulia."

"Unalia vipi?"

Abeid akafikiri. Hakuna kadi iliyowahi kumuuliza hivyo. Akabana meno, akatoa mlio mdogo, *ka*. Upande mmoja wa uso wa Yeremia ukacheka.

"Huo umekauka," akasema mtu wa mizani.

Simu juu ya stuli ilikuwa wazi, Ubao unaonekana, majina yote yamejipanga. Kidoti cha Yeremia kilikuwa kijani.

"Kaka, unaiwasha kila siku?"

"Saa mbili mpaka saa kumi na nusu. Leo nusu siku, mpaka saa saba."

"Unafanya nini humo?"

"Sifanyi." Akapumzika, akayakusanya maneno. "Nataka mjue nipo."

Abeid hakumwambia yale aliyosema Faraja kuhusu mtambo. Alimenya parachichi, akampa kwa kijiko.

Jumatatu asubuhi Hetvi aliandika kwenye Ubao: "Hongereni wote. Wiki iliyopita hakuna nyekundu." Abeid aliisoma akiwa kitandani, mguu umevimba kwa safari ile. Akaitafuta kadi yake mwenyewe, akaitoa kwenye "Imekwisha", akairudisha kwenye "Bado". Tarehe akaweka Ijumaa. Pale pa maelezo akaandika neno moja: "Sijaonwa."

Haikupita dakika tano Faraja akapiga.

"Mzee, umetuharibia Jumatatu! Dada Hetvi anauliza kadi imerudije."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli gani? Mzee wangu, gari kumi na moja ziko kwenye foleni. Nikikwambia tunakuja kesho nitakudanganya."

"Basi usiniambie. Na ile kadi usiiguse."

"Sawa, mzee," Faraja akasema, na safari hii hakuongeza kwamba wako pamoja.

Mchana ukapita, ukungu ukashuka mlimani ukaufunika mwembe wa jirani. Hakuna aliyejibu lile neno. Wote walikuwa wameliona. Ubao huonyesha nani amesoma, na walisoma kumi na wawili.

Saa tisa chini ya kadi kukatokea maandishi madogo: Yeremia anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena. Abeid akakaa wima, akaiegemeza simu kwenye plasta. Alimwona kabisa, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikitafuta herufi, kikikosea na kufuta. Ilichukua dakika tisa.

"Nakuja. Ngoja mguu."

Kisha kadi ikasogea yenyewe kutoka "Bado" kwenda "Inaendelea", na mahali pa mhusika likakaa jina la Yeremia.

Abeid aliijua ile njia, na jiwe lililo mlangoni kwa Anastasia, na kiti kile. Yeremia hawezi kufika hata dukani. Akacheka peke yake, mpaka jirani aliyekuwa akipita na ndoo akauliza kuna nini.

Siku zikaenda. Kila asubuhi saa mbili aliufungua Ubao, akakiona kidoti cha Yeremia kijani, naye akakiacha chake kijani mpaka saa kumi na nusu. Kutoka ghalani hakuja mtu. Ijumaa kadi ikageuka nyekundu. Simu ikamuuliza kama anataka kuihamishia kwenye "Imekwisha".

Akaiacha hivyo hivyo.