Sishuki Kitandani

Kliniki ya wajawazito waliponipima wakanikuta na virusi vya homa ya ini aina ya B, mama mkwe alikipaka kikombe changu rangi ya kucha nyekundu, kisije kikachanganyika na vya wenzangu. Daktari alikuwa ameshasema virusi hivi haviambukizwi kwa vikombe. Basi nikawa nakunywea chai kikombe cha mama mkwe, makusudi, huku namtazama usoni.

Daktari alinisisitizia jambo moja: mtoto achanjwe siku hiyohiyo ya kuzaliwa, la sivyo huenda ugonjwa ukamganda maisha yake yote. Mama mkwe naye alikuwa na lake.

"Hayo ni ya nyumbani, mwanangu. Usije ukatutia aibu wodini."

Nikajifungua salama, binti mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nikaomba chanjo. Muuguzi akapiga miayo.

"Kichupa kimoja ni cha watoto kumi, mama. Nikifungue kwa mmoja, kinachobaki nimwage? Mlete wiki ijayo, siku ya kliniki."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshachelewa."

"Ndio utaratibu wetu. Haya shuka, wenzio wanasubiri kitanda."

"Sishuki!"

Mama mkwe, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, akanifinya mguu. Nilijua anachoogopa, na mimi nilikiogopa vilevile, maana nusu ya wodi ile nawasuka mimi saluni kwangu. Nikamtazama binti yangu. Wateja na waende zao.

"Jamani, nisikilizeni!" Wodi nzima ikageuka. "Mimi nina virusi vya homa ya ini. Mwanangu asipochanjwa leo, huenda nikamwambukiza. Na wenu pia hawajachanjwa. Nani atamleta wake, kichupa kifunguliwe?"

Jirani yangu akavuta shuka lake mbali na langu. Iliniuma, sitasema uongo.

Kisha mama wa kitanda cha dirishani, aliyefanyiwa upasuaji, akaja akijikongoja na kichanga chake kifuani.

"Mimi hata sikupimwa," akasema. "Nani ajuaye? Wangu huyu hapa."

Akaja mwingine. Jirani naye akainuka, macho chini.

"Bado hawafiki kumi," muuguzi akasema.

Hapo mama mkwe akasimama, akajifunga mtandio kiunoni.

"We binti, usinichezee! Huyu ni mjukuu wangu. Lete hicho kichupa, au nikakilete mwenyewe."

Muuguzi akaenda kukileta. Binti yangu akachanjwa wa kwanza, akipiga mayowe mikononi mwa bibi yake.