Neno la Siri Lilikuwa Kijiko

"Nife papa hapa kama nitawadanganya, kila neno ni kweli tupu," alisema Koplo Chumvi, akaipigapiga kofia yake ya jeshi. "Atakayenikamata na uongo, kofia hii ni yake."

Darasa likacheka. Kila mwaka mwalimu wa historia alimwalika awasimulie wanafunzi habari za vita. Zamani walikuja wazee saba, wakabanana kwenye benchi mbele ya ubao, wakikatizana na kusahihishana. Sasa benchi zima lilikuwa lake. Ndiyo maana mwaka huu mto aliouvuka vitani ulizidi kupanuka, na maadui aliowatimua kwa mwiko wa jikoni walifika arobaini.

Akanogewa. Akaeleza jinsi kambi nzima ilivyomtegemea: kila jioni ofisa alichagua neno la siri, naye Chumvi akalipeleka hema kwa hema. Asiyelijua hapiti kwa mlinzi. Hata jenerali, alisema, alimsubiri yeye.

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasema babu yake alikuwa kambi hiyohiyo, wenzake wakimwita Twiga.

Mzee akaitazama shingo ya msichana. Ndefu ileile. Twiga alilala naye hema moja, na kila mwaka Chumvi alisimulia jinsi alivyofia darajani kishujaa.

"Babu, mwaka jana alikuja kwetu mzee mmoja, mgonjwa hoi," alisema msichana. "Siku babu yangu alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa mlinzi. Alimwambia bibi kwamba yeye ndiye aliyempiga risasi babu, alfajiri, babu akirudi kutoka kuteka maji. Alimuuliza neno la siri mara tatu. Mara zote tatu babu akajibu, kijiko."

Wenzake wakaangua kicheko. Msichana akasubiri kiishe.

"Bibi halali. Anauliza hicho kijiko kilitoka wapi."

Uongo ulimjia mzee ukiwa umeshaiva: homa, ukungu, mlinzi kiziwi. Ungemtosha bibi wa watu, akalala. Akageukia benchi, kama anayetafuta wa kumkatiza. Hapakuwa na mtu.

"Kilitoka kwangu," alisema. "Neno lilikuwa daraja. Twiga alikuwa mlafi, nikaona nimtanie. Nilidhani mlinzi atamjua kwa sauti, tucheke wote. Kumbe mlinzi kaletwa jana yake, hamjui mtu."

Mwalimu akaweka chaki chini.

"Nilikuwa hemani, nasikia. Kijiko cha kwanza, nikacheka. Cha pili, nikajiziba mdomo kwa blanketi. Risasi ilipolia nilikuwa bado nacheka, mjukuu wangu."

Akaenda hadi dawati la nyuma kwa mwendo wa kuburuta miguu, akavua kofia, akaiweka mbele ya msichana. Kichwa cha mzee kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani.

Msichana hakuigusa. "Sasa bibi nikamwambie nini?"

Koplo Chumvi, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata mazikoni, aligeuka, akaanza kuelekea mlangoni.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka, na msichana akatoka nao bila kugeuka nyuma. Mwalimu akaichukua kofia, akamkimbilia mzee mlangoni.

"Si yangu hiyo," alisema mzee, akashuka ngazi kichwa wazi, jua likimwakia utosini.