Mpira Uliosimama Mbale

Mimi situlii. Wanalijua hilo gerezani ninakolinda, wanalijua majirani zangu wa Mafubira, hapa Jinja, na Jamiru, mwenzangu wa soka ya meza, hulisema kila Jumapili kana kwamba ni habari mpya. Yeye hushika vyuma vya nyuma, kipa na mabeki. Mimi nashika vya mbele. Meza ni yake, imekaa barazani pa duka lake la vitambaa.

"Tuliza mpira kwanza, Afande Aber," huniambia. "Mpira si mfungwa, haitoroki."

Unatoroka! Nikiubana chini ya mguu wa mchezaji wa mbao, nikilegeza kidogo tu, umeshakwenda. Kwa hiyo nilizoea kuupiga ukiwa mbioni, kwa nguvu zote, na Mungu asaidie.

Safari hii Jamiru alichoka nami. Asubuhi tulipokuwa tunakwenda kucheza na watu wa Mbale, alinitamkia wazi: nikipiga ovyo tena, nafasi yangu anampa Ronnie, fundi simu wa jirani. Iliniuma sana. Kazini mimi ni funguo na amri, na Jinja sina ndugu. Pale mezani tu ndipo watu hunicheka, nami nikacheka nao.

Mwenyeji wetu Wamboga alinitoa roho kwa taratibu zake. Aliweka juu ya meza glasi ya chai iliyojaa hadi mdomoni, akachungulia imeinamia wapi, akasukuma kipande cha boksi chini ya mguu mmoja wa meza, akachungulia tena. Kisha akavipaka vyuma mafuta ya kupikia. Mimi nazunguka tu, natamani niinywe hiyo chai tuanze.

"Afande, ngoja," akasema. "Chai ikisimama sawa, hata mpira inasimama."

Mshindi ni wa kwanza kufikisha mabao matano. Tulifungwa matatu upesi, na mipira yangu yote iligonga ukuta. Jamiru alisonya, na msonyo wake ulinikera kuliko tusi.

Ndipo nikaubana mpira, jasho likaniingia machoni, nikaachia chuma nijifute. Nilipotazama tena, mpira ulikuwa palepale. Nikauinua mguu wa mbao kabisa. Umesimama, unaningoja! Miaka yote naitwa kiherehere, kumbe baraza la Jamiru limejengwa likiinamia mtaroni ili mvua isiingie dukani, na meza imeinama nalo. Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumkaba koo.

Nikausogeza mpira kando taratibu. Shakul, kipa wao, akaufuata. Nikapiga alikotoka. Ndani! Nikarudia, na nikarudia, wao wakapata moja tu, mpaka tukawa nne kwa nne.

Mpira wa mwisho ukanijia mbele. Nikautuliza, nikangoja. Shakul akaanza kutikisa chuma chake huku na huku. Nikangoja.

"Piga," Jamiru akanong'ona. "Piga, Afande. Piga basi!"

Nikangoja bado. Jamiru akashindwa kuvumilia, akaipiga meza kwa kiganja. Mpira ukaruka, ukanitoka, Shakul akaunasa na kuupiga moja kwa moja. Kabla Jamiru hajarudisha mkono kwenye chuma, ulikuwa umeshaingia golini kwetu. Watu wa Mbale walishangilia mpaka barabarani.

Stejini, gari la Jinja lilikuwa halijajaa. Jamiru alilizunguka, akamuuliza kondakta, akakaa, akasimama.

"Mbona hatuondoki?"

"Tulia, bwana," nikamwambia. "Gari si mfungwa."

Alinikodolea macho. Kisha akaenda kwa muuza maji, akaomba boksi tupu, akalikunja vizuri na kunikabidhi.

"Jumapili kuja mapema," akasema. "Na glasi."

Jina la Ronnie hakulitaja mpaka tulipofika Jinja.