Siku Meli Ilipotia Nanga Sapiwi

Msimu ule wa tisini na tano kila kitu kilikuwa kinakuja Sapiwi. Serikali ilikuwa imetangaza soko huria, na sisi tukaliona kwa macho. Mitumba ilikuja, redio zilikuja, na wanunuzi wa pamba tusiowajua walikuja, kila mmoja na mizani yake na karani wake mwenye kalamu sikioni. Kwa hiyo meli nayo ilipokuja, kwenye nchi kavu, mwezi wa saba, udongo wa mbuga umepasuka kiasi cha kumeza mguu wa mbuzi, watu walishtuka, lakini walishtuka kwa muda mfupi mno. Hilo linaniudhi hadi leo. Tulipaswa kuendelea kushtuka.

Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Nilikuwa nageuza mtama juu ya mwamba nyuma ya nyumba, nikainua kichwa, nikaona tanga jeupe juu ya migunga, limejaa, na hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Kisha mbao zikatokea, zimefunikwa mabati ya shaba, kitu kirefu kuliko zizi la ng'ombe. Hakikuwa na magurudumu. Nyasi zililala mbele yake na kuinuka nyuma yake kama maji yanavyofanya, na mvuke ulikuwa unatoka kwenye bomba lililosimama katikati. Nilikaa juu ya mtama. Garimoshi nililiona Malampaka nilipokuwa mdogo, kwa hiyo nilijua vitu vizito vinaweza kwenda bila ng'ombe. Lakini garimoshi lina reli. Ukiona vyaelea vimeundwa, wahenga walisema, ila hawakusema ukiona vinaelea juu ya vumbi ukimbilie wapi.

Ilisimama kwenye uwanja wa mnada. Tulikusanyika wote, waliokimbia wakarudi, waliolia wakanyamaza. Ndipo jirani yetu Mayige akanyoosha kidole kwenye mlingoti. Pale juu ilikuwa imening'inia mizani.

"Ah! Kumbe ni mnunuzi," alisema.

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Mnunuzi tunamjua. Mwingine huja na lori, huyu kaja na meli, tofauti iko wapi?

Mwenye meli alisimama juu akatuamkia, "Mwadila!" kwa Kisukuma kizuri cha kutia aibu. Jina lake Kasmiri, mtu mwembamba, mikono yake ya kijani kwa kutu ya shaba hadi kwenye viwiko. Alisema ametokea ziwani, akapanda na mto kutoka Lamadi, mto ulipokauka akaendelea tu.

"Kazi yangu ni kugeuza vitu," alisema. "Watu wa vitabu wanaiita alkemia. Mimi naiita kupika. Kila kaya ilete roba moja la pamba iliyoichuma yenyewe, na kitu kimoja inachotaka kigeuke. Kimoja tu, na mara moja tu. Naanza kesho."

"Kigeuke kuwa nini?" Mayige aliuliza.

"Kuwa kile kilichopaswa kuwa."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niligeuka kumtazama mama yangu, nikajua kitu chetu kitakuwa kipi.

Mama yangu, Kabula, alikuwa na macho mekundu. Miaka arobaini alikuwa amepika kwa samadi kavu na mabua ya pamba, kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi ulikuwa umeyachoma hadi yakawa kama nyama mbichi, yanatoa machozi asubuhi hadi jioni. Huko kwenu pengine hayo ni maradhi. Kwetu, miaka ile, yalikuwa hukumu. Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi, na mchawi hukatwa mapanga. Mwezi mmoja kabla, maksai wawili wa Mayige walikuwa wamekufa kwa siku moja. Mayige akaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, mfumu akapasua kuku, akaangalia ndani ya kuku, akasema, "Ni mwanamke, anakaa upande jua linakotokea kwako, ana moto machoni." Mashariki ya Mayige tulikaa sisi, mimi na mama, wawili tu, mimi nimeachika na baba ameshakufa. Tangu siku ile watu walikuwa wakipita kwetu bila kusalimia. Watu wakiacha kukusalimia Usukumani, anza kuhesabu siku zako. Nilijua watakuja, nilichokuwa sijui ni lini tu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu, na nitasema bila kujitetea.

Nilirudi nyumbani mbio nikalitoa roba letu la pamba, pamba safi, nyeupe, si ile fifi, ya daraja la chini, ya mwisho wa msimu. Kisha mikono yangu ikafanya ilichozoea. Tangu wanunuzi wapya waje, kila kaya ilikuwa inafanya. Wao walikuwa na mizani zinazokula kilo, sisi tulikuwa na maji na mchanga, na nani alianza hakuna anayejua. Nilitandaza pamba kwenye turubai, nikainyunyizia maji ya chumvi, kwa sababu maji matupu hukauka lakini chumvi hushika unyevu. Kisha nikamwaga mchanga laini wa mtoni, debe zima, tabaka kwa tabaka. Nilifanya mchana kweupe, naimba kabisa. Nilikuwa nimeiona ile mizani kwenye mlingoti. Nilidhani roba likiwa zito, Kasmiri atatuheshimu zaidi.

Asubuhi yake mama alikaa juu ya roba akisubiri niijaze upepo baiskeli ya kuazima. Machozi yalikuwa yanamtoka kama kawaida. Akachomoa kipande cha pamba kwenye mdomo wa roba, akajifuta macho, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Niliona akifumba macho kwa muda mrefu. Kisha akakiangalia kile kipande, akakitia mfukoni.

"Twende, mayu," nilimwambia.

"Twende," alijibu.

Wa kwanza kupanda alikuwa mjane Malimi. Malimi ni mvivu, namtaja kwa upendo, hata mchanga wa kuiba kilo alikuwa ameona uvivu kuufuata mtoni. Roba lake lilikuwa na pamba tu. Alileta chungu cha bibi yake kilichopasuka. Kasmiri akamimina pamba ndani ya kinu kilichokuwa mbele ya meli, na kinu kikaichambua, kikaisokota, kikaifuma bila mkono wa mtu, hadi likatoka tanga jipya, jeupe. Likapandishwa mlingotini, juu ya tanuri lililokuwa linawaka katikati ya meli. Mvuke ukalijaza, ukapita katikati ya nyuzi zake, ukashuka juu ya chungu. Tulipohesabu hadi kumi hivi, Malimi alishika chungu cha shaba, kizima, kinang'aa kama jua la saa nne. Alikirusha chini kwa woga, kikalia ngoo! Mzee mmoja alivua kofia.

Na hapo ndipo Kasmiri alipofafanua, baada ya sisi kuwa tumeshafunga maroba.

"Mnaona? Mvuke hupita kwenye tanga, na tanga ni pamba yako. Kilichomo ndani ya pamba ndicho kinachoingia ndani ya kitu. Anayefuata!"

Anayefuata tulikuwa sisi. Roba letu lilikuwa limeshafunguliwa na kumwagwa kinuni, na mama alikuwa ameshapanda ngazi.

"Ile mizani je?" niliuliza. "Hupimi?"

"Ile ni ya kupimia zebaki," alisema Kasmiri. "Pamba ya nini nikapime?"

Kinu kilianza kuzunguka. Kilikwaruza. Malimi alipokuwa hapo hakikukwaruza. Kasmiri akakisimamisha, akanitazama.

"Binti, pamba hii ina kitu kingine ndani?"

Niliangalia chini. Sapiwi nzima ilikuwa imeinua vichwa, na mbele ya wote alikuwa Mayige, mikono ameikunja kifuani, anamwangalia mama yangu. Kaya moja, mara moja. Nikisema ndiyo, tunashushwa, na macho yale mekundu yanarudi nyumbani kusubiri mapanga. Nikisema hapana, labda mchanga kidogo si kitu. Nilijiambia hivyo kweli, kwamba mchanga kidogo si kitu. Debe zima!

"Ni safi," nilisema.

Kasmiri akamgeukia mama. "Wewe mama unasemaje?"

"Mwanangu ameshasema," mama alijibu, akainua uso wake juu.

Tanga lilitoka zito, la rangi ya majivu. Lilipopandishwa, mlingoti ulilia. Mvuke ukalijaza, na mle ndani tukaona vitu vinamulika, punje kwa punje, mchanga na chumvi vinayeyuka kwenye moto na kushikana. Sikujua wakati ule, Kasmiri ndiye aliyeniambia kabla hajaondoka, kwamba mchanga na chumvi vikipikwa pamoja kwa moto mkali huzaa kioo. Mvuke ukamshukia mama usoni. Hakupiga kelele. Aliinua mikono tu, kama mtu anayezuia jua.

Mvuke ulipoondoka, wekundu ulikuwa umekwisha.

Watu walipiga vigelegele! Hata mimi nilipiga, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele huku nakimbilia kwake. Macho yalikuwa maangavu, hayana mshipa hata mmoja, hayana chozi. Nikamshika mabega nikamtazama, na ndani ya macho ya mama yangu nikaona uso wangu, mdogo, kamili, hadi hereni. Nikasogeza kichwa kushoto, macho hayakunifuata. Nikagusa moja kwa ncha ya kidole. Lilikuwa baridi, na ukucha ulipoligusa likalia.

"Esteria," alisema mama, "mbona wamezima jua?"

Vigelegele vyangu viligeuka nikiwa sijafunga mdomo. Nililia nikamshika Kasmiri shati, nikamwambia arudishe, arudishe hata ule wekundu. Mtu yule alikuwa amepauka kuliko tanga. Alinitoa mikono taratibu.

"Nilikuuliza," alisema. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu angenipiga.

Nilipomshusha mama kwenye ngazi, uwanja ulikuwa unapungua. Njia zote za Sapiwi zilikuwa na watu wanaorudisha maroba yao nyumbani, wengine vichwani, wengine kwenye mikokoteni, na hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Hakuna aliyenilaumu pia. Wangeanzaje? Kasmiri aling'oa nanga bila wateja. Watu wa Nkoma wanasema waliiona ikipita kule, tanga la majivu limekunjwa, na baada ya hapo hakuna aliyeiona tena.

Siku tatu baadaye Mayige alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa. Alisalimia kutoka mbali, "Mwadila, mayu!" jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu maksai wafe. Alitaka kuhakikisha. Akachuchumaa mbele ya mama, akayatazama yale macho kwa karibu, kushoto, kulia. Sijui aliona nini zaidi ya Mayige wawili wadogo wanaomtazama. Aliondoka kinyumenyume, kibuyu akakisahau. Hakuna aliyetugusa tena, na watu wakaanza kusalimia.

Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Mchana mmoja nilikuwa namenya viazi vya kukata michembe ya kuanika, mama amekaa kivulini uso ameuelekeza pasipo na kitu, nikashindwa.

"Mayu, ile pamba haikuwa safi."

"Najua."

Kisu kilinianguka. "Unajuaje?"

"Nilijifuta macho nayo asubuhi ile, ikaniwasha. Nikaonja. Chumvi siijui?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha pamba, kimekauka, kinamwaga mchanga mapajani mwake. "Pale juu nilikuwa nacho."

"Kwa nini hukusema? Alikuuliza, mayu. Alikuuliza wewe!"

"Mayige alikuwa anasikia," alisema. "Bibi mwenye macho mekundu, na mtoto wake mwongo mbele ya watu wote. Mimi wangenikata, ng'wanone, na wewe je? Ungekaa wapi?" Akapapasa hewani hadi akapata mkono wangu. "Niliona macho ni kitu kidogo."

Hadi leo ni mimi ninayemwosha uso kila asubuhi. Nafuta yale macho kwa kitambaa laini, kwa sababu pamba siithubutu. Yakishatakata najiona humo ndani, mmoja kulia na mmoja kushoto, na wote wawili wananitazama.